Mpira wa Meza Mwaka wa Operesheni

Halima amezikwa juzi, baada ya swala ya alasiri, pembeni ya shamba la alizeti la mwanawe mkubwa, upande wa Mungaa. Nilifika maiti ikiwa bado ndani. Nikaingizwa chumba walimokaa wanawake, nikatafutiwa nafasi ukutani kwa sababu magoti yangu hayakubali tena mkeka bila kuegemea. Walikuwa wakimzungumza kwa sauti za chini. Huyu anakumbuka alivyokuwa mkali kwa watu wanaolima hovyo, yule anakumbuka vitunguu alivyomgawia mwaka wa njaa, mwingine anasema marehemu hakuwa mtu wa kucheka, ila akicheka unamsikia ukiwa barabarani. Binti mmoja aliyekuwa akigawa chai akaniinamia. "Shikamoo bibi. Wewe na marehemu ni ndugu wa upande gani?" Nikamwambia hatukuwa ndugu, tulicheza pamoja. "Ngoma?" Nikasema, "Mpira wa meza." Alinitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mzee ambaye akili imeanza kumtoka, akanijazia kikombe, akapita. Sikumlaumu. Katika chumba kile hakuwamo hata mmoja aliyewahi kumwona Halima ameshika kibao cha mchezo huo, na yeye mwenyewe, nijuavyo mimi, hakuwahi kuwasimulia. Ndiyo maana nimekaa kuandika habari za mwaka ule wa Operesheni, kabla na mimi sijachimbiwa langu.

Tulikuwa wasichana wa kazi, tukikaa Singida mjini, nyuma ya soko, chumba kimoja cha kupanga katika nyumba ya Mama Zuhura. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali, Halima mhudumu wa wodi hospitalini. Chumba kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, dirisha dogo lililotazamana na ukuta wa jirani, na msumari mmoja ambao tulitundikia kila kitu, gauni langu la kanisani, kanga zake, na mfuko wa kitambaa uliokuwa na vibao vyetu. Halima alirudi kazini akinuka dawa ya kusafishia sakafu, na harufu ile ilikaa chumbani hata akiwa zamu. Tulikula ugali wa uwele na mlenda karibu kila siku. Bibi yake akimtumia matobolwa kutoka nyumbani, viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, tulivitafuna badala ya chakula cha jioni ili tuwahi mazoezi ya mpira wa meza ukumbini. Wakati ambapo hatukwenda ukumbini Halima alipiga mpira ukutani, taratibu, mkono wa kushoto, mpaka Mama Zuhura akapiga kelele kutoka uani: "Halima! Nyumba yangu ni ya udongo, mwanangu, utaitoboa!" Naye akajibu, "Samahani mama," akaendelea kwa upole zaidi. Hata leo nikisikia kitu kidogo kinagonga ukuta kwa mpangilio, nageuza kichwa.

Aliyetufundisha alikuwa Bwana Lameki, Mnyiramba wa Misigiri, ofisa utamaduni. Watu walimwita Bwana Utamaduni, na alilipenda jina hilo. Alikuwa mwembamba, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, na alikuwa akiongea juu ya mpira wa meza kama padri anavyoongea juu ya komunyo. Kwake mchezo ule ulikuwa ushahidi. Alituambia kwamba Wazungu walipoondoka waliiacha meza ukumbini wakidhani Mwafrika ataigeuza ya kulia ugali, na kweli tulipoanza tuliikuta imewekewa magunia ya karanga. Yeye ndiye aliyeisugua, akaipaka rangi ya kijani, akaomba wavu kutoka Dodoma. Ukumbi wenyewe madirisha yake hayakuwa na vioo, na mtu anayeijua Singida anajua upepo wake. Mpira wa meza ni mwepesi kama ganda la yai. Unaupiga uende kulia, upepo unaupeleka unakotaka. Tuliziba madirisha kwa magunia, tukacheza ndani ya joto na vumbi, jasho likiteleza kwenye mpini, na mpira ukipasuka tuliugundisha ufa tukautumia tena, ukawa unadunda kwa kuchechemea. Labda hilo ndilo lililotufundisha. Mtu aliyezoea mpira unaochechemea, ukimpa mzima anaona umemrahisishia maisha. Halima alikuwa mrefu na wa mkono wa kushoto, mimi mfupi na wa kulia, kwa hiyo katika mchezo wa wawili wawili, ambako ni lazima mpige kwa kupokezana, hatukugongana. Yeye akipiga tayari amejiondoa, mimi naingia. Bwana Lameki alikuwa akikaa kimya akitutazama, halafu anasema peke yake, "Hivyo. Hivyo hivyo."

Mwaka ule mashindano ya taifa yaliletwa kwetu. Mpaka leo sijui Bwana Lameki aliwashawishi vipi wakubwa wa mchezo, maana walizoea kukutana Dar es Salaam au Tanga, kwenye kumbi zenye mapanka na sakafu ya mbao. Wachezaji walikuja mwisho wa kiangazi, mavumbi yakiwa mekundu, baadhi kwa basi kutoka Dodoma, baadhi kwa treni hadi Itigi na kupanda malori kutoka hapo. Walilazwa katika mabweni ya shule, na sisi wenyeji tukahamia huko pamoja nao. Nilishangaa kuona jinsi walivyokuwa wachache na jinsi walivyojuana. Kulikuwa na makarani wa bandari, walimu, Wahindi wawili wenye maduka Moshi, wanafunzi wa Iringa, wafanyakazi wa reli wa Tabora, na askari wa kike kutoka Dar es Salaam waliokuwa wakikimbia kilomita kadhaa kabla ya uji. Walisalimiana kama watu wa ukoo mmoja waliokutana msibani: fulani amezaa, fulani ameacha kwa sababu ya mgongo, fulani mumewe kamkataza. Kwenye bwalo walikaa kwa kuchanganyika. Wasichana wa pwani waliugeuza ugali wa uwele kwa vidole, wakauliza kama umeungua, na mmoja wa wale askari, Koplo Yusta, akawaambia, "Kuleni. Nchi inaliwa yote, si wali peke yake." Nilicheka mpaka mlenda ukanipalia. Nilikuwa na umri ule ambao mtu akikutana na watu wapya wanaompenda anadhani maisha yamekwisha kumfungukia.

Lakini katika siku zile zile, barabarani kulikuwa na malori mengine. Sote tulijua. Tangazo la Operesheni lilikuwa limetoka kwamba kila mtu aishi katika kijiji, na wale waliotawanyika kwenye maboma yao ya zamani wahame. Wengine walikuwa wamehama wenyewe, wengine walikuwa wakingoja kuona. Nami ofisini nilikuwa nimepiga chapa maneno mazuri kuhusu jambo hilo, maji ya bomba, shule, zahanati, na niliyaamini, na hata sasa siwezi kusema yote yalikuwa uongo, maana shule ilijengwa na wajukuu wa Halima wamesoma humo. Halima hakuzungumza sana habari hizo. Mara moja tu, tukiwa tunafua, alisema bibi yake amekataa katakata. "Anasema nyumba ile ya tembe aliipaka udongo kwa mikono yake akiwa na mimba ya baba. Anasema wakimtaka wamchukue na kuta." Tukacheka, kwa sababu bibi yake alikuwa na maneno.

Asubuhi ya fainali nilizunguka nyuma ya ukumbi kuchota maji kwenye pipa. Upande wa pili wa ukuta Bwana Lameki alikuwa akizungumza na dereva, Mrangi mmoja tuliyemfahamu kwa sura. Dereva alikuwa anaomba maji ya kunywa. Akasema, "Jana tumemaliza upande wa Mungaa, kule mawe makubwa. Tumewashusha chini, penye kijiji kipya. Kuna kibibi kimoja, bwana, kimekaa ndani mpaka mgambo wakapanda juu ya tembe kulibomoa. Tulikibeba na kigoda chake." Bwana Lameki akauliza ni bibi wa nani. "Wa yule mchezaji wenu mrefu. Baba yake ni Mzee Idi." Halafu nikamsikia Bwana Lameki akisema polepole, "Asiambiwe mpaka fainali iishe. Usiongee na mtu."

Niliiacha ndoo pale pale. Halima alikuwa bwenini akipiga pasi sketi zetu kwa pasi ya mkaa. Nilimwambia nilivyosikia, neno kwa neno, kwa Kinyaturu, maana kwa Kiswahili mdomo ulikuwa mzito. Aliendelea kupiga pasi mpaka akamaliza pindo. "Wamemuumiza?" Nikasema dereva hakusema. Akaisimamisha pasi juu ya tofali, akavaa kandambili, tukatoka. Tulikwenda kwenye yadi ya magari. Ilikuwa tupu, na alama za matairi zimejaa mchangani. Mlinzi akatuambia malori yote yako kwenye Operesheni, labda alfajiri kesho yatakaporudi kujaza mafuta. Basi la upande ule lilikuwa limechukuliwa kazi hiyo hiyo. Tukasimama barabarani juani, na hakuna gari lililopita lililokuwa linakwenda kwetu. Nikamwambia tutembee. Akatazama njia kwa muda. "Tutafika kesho," alisema, "na lori litakuwa limetupita njiani."

Tulimkuta Bwana Lameki akipanga viti vya wageni wa heshima. Halima alimwamkia kwanza. Hilo silisahau, alipiga goti kidogo kama siku zote. "Shikamoo." "Marahaba, Halima. Umelala vizuri?" Akasema, "Bwana Lameki, ulijua kuhusu bibi yangu." Yule mzee, ingawa wakati ule hakuwa mzee, umri wake haukufika arobaini, alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye. "Nilitaka ucheze akili yako ikiwa imetulia. Mkoa mzima utakuwa humu ndani. Ukiondoka, kazi yote hii imekwenda bure." Halima akasema, "Nitacheza. Lakini kesho alfajiri nataka nafasi kwenye lori, mimi na Monika. Zungumza nao sasa hivi, nikiwa nasikia." Alitoka naye mpaka kwa mkubwa wa magari, akasimama nyuma yake hadi aliposikia neno "ndiyo". Ndivyo fainali ile ilivyochezwa. Waliojaa ukumbini hawakujua kwamba yule msichana mrefu alikuwa akilipa nauli.

Tulicheza na Koplo Yusta na mwenzake. Magunia yalipepea madirishani, karabai zikavuma, vumbi likaelea kwenye mwanga. Seti ya kwanza walitushinda. Mimi nilikuwa nikimwangalia Halima badala ya kuangalia mpira. Tulipobadilishana upande akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Monika, angalia mpira. Mimi nipo." Kuanzia hapo sikumbuki mambo kwa mpangilio. Nakumbuka mkono wake wa kushoto ukitokea begani mwangu. Nakumbuka Koplo Yusta akipiga mpira ambao mtu yeyote angeuacha, na Halima akirudi nyuma mpaka karibu ya viti vya wageni wa heshima, akaurudisha, ukaanguka kwenye ukingo wa meza na kudondoka. Ukumbi mzima ulisimama. Seti ya pili tukachukua, ya tatu tukachukua. Watu walitubeba juu juu. Mkubwa mmoja akatoa hotuba ndefu juu ya kujitegemea, akatukabidhi kila mmoja blanketi. Halima alipokea lake kwa mikono miwili, akashukuru, akaenda kukaa bwenini, viatu miguuni, akaliweka mapajani.

Alfajiri tulipanda lori lile lile lililohamisha watu wa kwao. Sakafuni kulikuwa na mabua ya mtama, kibuyu kilichopasuka, na manyoya ya kuku. Kijiji kipya kilikuwa uwanda mtupu uliopigwa mistari kwa majivu kuonyesha nyumba zitakapokaa. Kila familia ilikuwa ndani ya mistari yake, na vyungu vyake, vitanda, mbuzi waliofungwa kwenye miguu ya vitanda. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, uso ameuelekeza kwenye yale mawe makubwa ya juu. Halima alipiga magoti, akamfunika blanketi. Bibi alilishika pindo, akalisugua kwa vidole, akauliza limetoka wapi. "Nimelishinda." "Kwa kile kiyai mnachokigombania?" "Ndiyo, bibi." Bibi akacheka, cheko fupi lililoishia kwenye kikohozi. Baba yake, Mzee Idi, alikuwa akikata miti ya kujengea. Dereva alikuwa amekwisha kumpigia stori, kwa nia njema kabisa, jinsi binti yake alivyoutikisa ukumbi. Mzee alisimama na shoka lake. "Jana tulipolala nje, nyumba imeshavunjwa," alisema, "wewe ulikuwa unacheza." Hakuuliza. Nilifungua mdomo, Halima akanibana mkono mpaka nikanyamaza. Mzee Idi akageuka, akaendelea kukata. Tangu siku hiyo hakumtaja tena binti yake kwa jina.

Halima hakurudi hospitalini. Alibaki kujenga. Mimi nilikuwa nikienda kila nilipopata lifti, na nilimwona akikandika, akibeba maji, akilima kile kipande kipya. Baba yake akitaka kumwambia jambo alimtuma mdogo mtu: mwambie huyo alete maji, mwambie huyo mbuzi wametoka. Mvua zilianza kabla hawajaezeka. Bibi alilala chini ya turubai na blanketi lile, kikohozi kikashuka kifuani. Zahanati ilikuwa imeahidiwa lakini bado ilikuwa mstari wa majivu. Alikufa asubuhi moja ya mvua, kichwa kikiwa mapajani mwa Halima. Siku tuliyomaliza kumzika nilimwambia sasa basi, mimi nitamweleza baba yako, nitamwambia kuhusu lori. Tulikuwa tumekaa kwenye rundo la matofali mabichi. Akatikisa kichwa. "Nikianza kujieleza itaonekana nilicheza kwa sababu ya lori tu." Nikamwambia, ndivyo ilivyokuwa. "Hapana, Monika. Nilipoanza ilikuwa hivyo. Halafu tulipokuwa ndani nilisahau. Nilisahau bibi, nilisahau baba. Niliupenda kila mpira uliokuja." Akafuta tope mguuni. "Baba amesema kweli. Nilikuwa nacheza."

Nimeishi na maneno hayo miaka yote. Nimeyageuza nikiwa na uchungu wa uzazi, nikiwa kazini, nikiwa namuuguza mume wangu. Nadhani nimekutana na watu wengi wanaotafuta mtu wa kumlaumu, na wachache sana wanaosema wazi furaha yao ilikuwa wapi, hata kama ilikuwa mahali pabaya. Wakati ule sikuwa na akili hiyo. Niliona tu kwamba rafiki yangu anajiumiza, nikamkasirikia.

Mvua zilipokatika Bwana Lameki alikuja na Landrover. Timu ya taifa ilikuwa inaingia kambini Dar es Salaam, halafu inakwenda nchi rafiki kucheza, na sisi wawili tulikuwa tumechaguliwa. Mimi nilikuwa ndani ya gari, sanduku langu limefungwa kamba. Nyumba ya Mzee Idi ilikuwa imesimama sasa, ndani ya mstari wake, mlango ukitazama barabara kama milango mingine yote. Watu walikusanyika, balozi wa nyumba kumi akaja na kofia yake. Bwana Lameki alishuka, akasalimia wazee, akasimama mbele ya Halima aliyekuwa ametoka kupalilia, jembe mkononi. Halima alikuwa amekonda, mikono imekakamaa. Bwana Lameki akamweleza habari ya kambi, na ya ndege. Akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwake, "Halima, nilikukosea. Nakuomba. Hakuna mwingine kama wewe nchi nzima." Halima akasema, "Nimekusamehe, Bwana Lameki. Lakini siendi." Balozi akaingilia kwamba huu ni wito wa serikali, siyo wa mtu mmoja. Halima akamgeukia, kwa heshima, bila kupandisha sauti. "Mwaka huu serikali imeshanihamisha mara moja, mzee. Inatosha."

Siku zile mtu hakusema neno kama hilo mbele ya watu. Balozi alitazama chini, kofia ikazunguka mikononi mwake. Bwana Lameki alikuwa amebana midomo kama mtu anayezuia kulia. Nilishuka garini bila kujua ninakwenda kufanya nini. Hapo ndipo Mzee Idi, aliyekuwa amekaa kizingitini muda wote akisuka kamba ya kitanda, aliposimama. Alikuja mpaka alipokuwa binti yake, akalichukua jembe mkononi mwake. Nilidhani atamfukuza, au atampiga.

"Halima," alisema, "wageni wamesimama juani. Walete ndani, uwape uji."

Uso wa Halima, kwa kusikia jina lake, ulibadilika ukawa kama wa mtoto. "Ndiyo, baba," akasema, akatangulia ndani, nasi tukamfuata.